Nyonga ya Kushoto

Wateja walimwita Mama Vidole, na hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Alikanda watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, juu ya kitanda cha mbao chenye godoro jembamba lililotandikwa shuka safi. Chupa ya mafuta aliiweka ndani ya bakuli la maji ya moto, maana mafuta ya baridi, alisema, ni kama salamu ya mtu aliyenuna.

Kazi yake ilikuwa na jambo moja ambalo wakandaji wengine walimcheka nalo. Hakulazimisha msuli. Aliuita.

"Msuli ni mtoto," alikuwa akisema. "Ukimvuta anakaza, ukimbembeleza anakuja." Basi hata mpagazi mwenye shingo kama gogo alilala pale kifudifudi akiambiwa, "Njoo, njoo kwa bibi," akacheka mpaka kitanda kikalia. Akicheka tu, shingo imelegea.

Adhuhuri moja mkwewe aliingia, mke wa mwanawe wa pekee, amembeba mtoto mdogo mkono wa kulia. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke wa maneno machache na jasho jingi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja umepinda kama msumari uliopigwa na fundi mlevi?"

Mkwe hakucheka. "Jana kidogo nimwangushe mtoto. Mkono wa kulia umechoka, Mama. Unashika pasi mchana kutwa, nikirudi unamshika yeye. Ulikufa ganzi, akateleza. Nikamdaka kwa kushika nguo yake."

"Na wa kushoto una kazi gani? Kupunga upepo?"

"Kushoto hakai."

Mama Vidole akampokea mjukuu, akamlaza kwenye mto, kisha akasema, "Hebu tembea mpaka dirishani, urudi."

Mkwe akatembea. Nyonga ya kushoto ilikuwa imetoka nje, bega la upande huo limepanda, na mkono wa kushoto umekunjwa kiwikoni. Mama Vidole akainama, akaokota kandambili ambazo mkwe alizivua mlangoni. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imeliwa ukingo wa nje, karibu itoboke.

"Ni pasi hiyo, Mama. Kusimama kutwa."

"Pasi unaishika kwa kulia. Usiisingizie. Hebu mweke mtoto kushoto nione."

Alipowekwa tu, mtoto alipiga yowe, akakunja miguu, akajirudisha nyuma kama mtu aliyetaka kukaa akakuta kiti kina mwenyewe. Akahamishiwa kulia, akanyamaza papo hapo. Kisha akachungulia kifuani kwa mama yake, akatazama ule upande wa kushoto mtupu, akacheka, akanyoosha kidole.

"Huwa anafanya hivyo?"

"Kila siku," mkwe akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Baba yake anasema anacheza na kivuli."

Mkwe akalala kitandani. Mama Vidole akapasha mafuta viganjani, akaanza upande wa kulia. Msuli ulikuwa mgumu wa kazi, wa kawaida. Akahamia kushoto, na mikono yake ikasita. Pale palikuwa na joto. Halikuwa joto la homa wala la uvimbe. Lilikuwa joto la mahali palipokaliwa.

Akamkumbuka Kishindo. Huyo ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa mkwewe, mtoto mnene aliyekanyaga sakafu kama askari, kisha homa ikamchukua kabla huyu mdogo hajazaliwa. Alikuwa hataki kushuka ubavuni kwa mama yake. Upande wa kushoto.

Mtu mwenye hekima angefunga kinywa hapo. Lakini mazoea yana taabu. Vidole vilikuwa vimeshaanza kubembeleza, na ulimi ukafuata njia yake ya miaka yote.

"Njoo," Mama Vidole akasema. "Njoo kwa bibi."

Msuli hulegea polepole, kama udongo unaonyonya maji. Huu uliachia mara moja. Mama Vidole akayumba, akashika ukingo wa kitanda asianguke. Kitu kizito kilikuwa kimemwelemea. Nyonga yake ya kushoto ikatoka nje, bega likapanda, na mkono wake ukajikunja wenyewe, kiganja juu, kama unaotegemeza makalio ya mtoto.

Mkwe akaamka, akasimama wima. Akamchukua mwanawe, akamweka kushoto kwa woga. Mtoto akatulia, akalaza shavu begani.

"Mama! Amekaa! Mikono yako ina dawa!" Akazunguka chumba akicheka na kulia, mguu mwepesi, kiuno kimenyooka, mkono wa kulia unaning'inia huru.

Ubavuni kwa Mama Vidole kulikuwa na pumzi, fupi fupi, za mtu mdogo aliyetoka mbali. Akaogopa, nywele zikamsimama. Angeweza kusema "shuka." Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Akamtazama mkwewe anavyozunguka, akaona neno hilo lingempeleka wapi huyo wa ubavuni, maana mtoto akishushwa humkimbilia mama yake. Akalimeza.

Mjukuu akageuza shingo. Hakumtazama bibi usoni. Alimtazama chini kidogo, ubavuni, akacheka, akanyoosha kidole.

Mkwe naye akatazama. "Mama, mbona sasa umepinda wewe? Umeniinamia sana. Njoo ulale, leo nikukande mimi."

Akamlaza mtoto kwenye mto, akachota mafuta, akaleta kiganja chake chenye joto kwenye nyonga ya kushoto ya mama mkwe. Mama Vidole akamdaka kifundo cha mkono.

"Hapo usiguse, mwanangu," akasema kwa kunong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."