Wageni wa Velma

“Wewe Ratemo, hiyo mashine haiondoki hapa!” Rodah alisimama mbele ya tingatinga, mikono kiunoni. “Velma bado yuko chini ya hiyo nyumba. Nimesikia sufuria!”

“Umesikia masikio yako, mama. Tangu tetemeko la juzi, nani anaweza kuishi chini ya mawe? Kule Kimulot kuna watoto wanalia, na wanasikika. Wacha waokoaji waende,” akajibu jirani yetu Ratemo.

Majirani tukagawanyika, kila mtu na maneno yake, mpaka kiongozi wa waokoaji akapuliza filimbi ya kunyamazisha kila kitu. Tingatinga likazimwa. Hata ng'ombe walitulia, na ukungu ukalala juu ya majani chai.

Ndipo tukasikia, chini kabisa, sahani zikipangwa moja moja.

Ratemo akapiga magoti kwenye vifusi. “Velma?”

“Ni Ratemo huyo?” Ilikuwa sauti changamfu, ya mama aliyejaziwa nyumba na wageni. Na Velma aliishi peke yake. “Mbona unasimama nje kwa baridi? Tuko wengi huku, lakini nafasi yako iko. Ingia ule.”