Fundo la Keturah

Mwaka ule wakubwa wa London walipopatana na Wafaransa kuhusu biashara, mimi nilikuwa na haja moja tu: nipelekwe huko nikawaambie usoni mke wangu alikufa kwa nini. Keturah alikuwa na ugonjwa wa kifua. Lakini kifua hakimuui mtu peke yake. Husaidiwa na njaa, na njaa ina wenyewe.

Sisi wa Coventry tulikuwa tukifuma tepe za hariri, zile ambazo mabibi hufunga kwenye kofia. Tepe za Kifaransa zilikuwa zikitozwa ushuru bandarini, nasi tulikuwa tukila kwa ushuru huo. Sasa mkataba uliufuta. Wafumaji wakaandika barua ya kulalamika Bungeni, wakataka watu wawili wa kuipeleka. Wa kwanza alikuwa Hosea Twigger, jirani yangu, mwenye mdomo usiojua cheo cha mtu. Wa pili alikuwa bado kupatikana.

Tulikutana kilabuni, Jumatatu mchana, maana Jumatatu mfumaji wa Coventry hagusi kazi hata umwahidi nini. Mvua ilikuwa nyembamba, haianguki wala haikatiki, na mwanga ulioingia dirishani ulikuwa wa kijivu kama maji yaliyosuuziwa hariri. Watu walionekana kama wamekaa ndani ya ziwa. Nami tangu nifiwe, mara nyingi siku zilinipitia hivyo.

Bwana Lythgoe alikuja bila kualikwa. Ndiye aliyekuwa akitugawia nyuzi na kununua tepe zetu, na siku hizo alikuwa ameanza kuleta mzigo kutoka Ufaransa. Alisimama akasema mkataba ni neema: makaa yetu na chuma chetu vitauzwa kwao, na mvinyo wao utashuka bei hapa kwetu.

"Samahani, bwana," Hosea akasema. "Hebu anyooshe mkono anayekunywa mvinyo."

Hakuna aliyenyoosha. Mmoja akainua kikombe chake cha bia, watu wakacheka. Hosea akaendelea kusema kwamba sisi tumewafungulia Wafaransa mlango, wao wametufungulia dirisha, tena nusu, maana tepe zetu zikifika kwao bado zinatozwa. Bwana Lythgoe hakukasirika. Watu kama yeye hawakasiriki, hawana haja. Aliuliza tu: tunalilia kulinda kitu gani, ikiwa hata sisi wenyewe hatuwezi kutofautisha utepe wetu na wa Mfaransa?

Nikasema mimi naweza. Hata nikifungwa macho.

"Haya, Jabez," Hosea akasema. "Ukipatia, wewe ndiye mwenzangu wa London. Ukikosea, utaninunulia bia mpaka nife."

Watu wakakubali. Nikafungwa macho kwa shali ya mtu, yenye harufu ya mafuta ya taa. Bwana Lythgoe akatoa tepe tatu mfukoni, akaniwekea mapajani moja moja.

Mtu akifungwa macho, vidole vyake huota. Wa kwanza ulikuwa wa kwetu. Niliusikia uchovu wake, ukingo umelegea mahali ambapo mtu alisinzia. Wa pili vilevile. Wa tatu ulinipitia vidoleni kama maji ya joto. Kingo zake zilikwenda sawa, na nilijiona nikitembea juu ya utepe huo, barabara ndefu nyeupe ambayo nyumba zake zote zina mkate mezani, na mtu mbele yangu anatembea bila haraka, hageuki. Nilitaka kumfuata. Ndipo nikajiambia: hapana, mkono uliofuma hivi haujawahi kulala na njaa.

"Huu ndio wa Mfaransa," nikasema.

"Umepatia," akasema Bwana Lythgoe, akawaonyesha karatasi ya kufungia utepe huo, yenye maandishi ya Kifaransa. Chumba kizima kilipiga meza. Kisha akangoja kelele zitulie. "Na sasa nyote mmesikia. Mtu wenu mwenyewe kapapasa tepe tatu, na ulio bora akawapa Wafaransa. Nami sina la kuongeza."

Nikaivua shali. Utepe ulikuwa wa samawati, na niliugeuza upande wa nyuma, kama afanyavyo mfumaji yeyote hata akiwa amelewa. Karibu na ukingo palikuwa na fundo, mahali uzi wa mtande, ule wa urefu, ulipokatika ukaungwa. Dogo kuliko yai la chawa. Mafundo yetu sote hulalia kulia. Hili lililalia kushoto.

Keturah alikuwa mashoto.

Nilikaa nalo kidoleni sijui muda gani. Kama ningenyamaza, ningekwenda London. Barua ingekuwa mkononi mwangu, na wakubwa wangenisikiliza, mtu wa vidole maarufu. Lakini ningekwenda kuwaambia kwamba njaa ilimuua mwanamke, na huku mkono wake nimeshaugawa kwa wageni.

"Nimekosea," nikasema. "Huu umefumwa na mke wangu. Karatasi ndiyo ya Kifaransa."

Bwana Lythgoe akasema, kwa upole, kwamba nyuzi hukatika Ufaransa pia, na mashoto wako kila nchi. Wengine waliinamisha macho kwenye bia zao. Mzee mmoja aliniambia pole, ndugu yangu, mgane humwona mkewe katika kila nguo. Nikamwangalia Hosea. Alikuwa anaangalia dirishani. Nikaomba niachiwe ule utepe. Bwana Lythgoe akasema umeshapata mnunuzi, akaukunja ndani ya karatasi yake. Hosea alikwenda London na mtu mwingine.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hakuna kilichobadilika, mkataba ulibaki mkataba. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, amevua buti. Akanieleza kwamba wakubwa walikuwa watano, mmoja akisinzia, na hata kabla barua haijasomwa mmoja wao aliuliza, akitabasamu, kama ni kweli wafumaji wa Coventry hawajui kutofautisha utepe wao na wa Mfaransa. Habari ilikuwa imewatangulia.

"Ukajibu nini?"

"Nikasema yupo mmoja anayejua."

"Wakasema?"

Hosea akapangusa tope kwenye buti kwa kidole gumba, polepole.

"Wakauliza yuko wapi. Nikawaambia tulimwacha nyumbani."