Kopo la Kura

Darasa la sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, lilikuwa na watu watano, na hata hao chuo kiliwakubali kwa shingo upande. Wenzao wa uhasibu walijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa madirishani. Hawa walipewa chumba nyuma ya stoo ya viti vibovu, wakakizoea. Nyumbani nako hakuna mjomba wala shangazi aliyeacha kuwauliza: ukimaliza hayo unakuwa nani, diwani?

Mmoja wao, binti, walimwita Spika, kwa sababu ndiye aliyeongoza midahalo na hakumwogopa mtu. Ndivyo watu walivyodhani. Mama yake alikuwa mpishi katika jiko la chuo hicho hicho, na kila jioni walirudi nyumbani pamoja, mama ananuka vitunguu, binti ananuka vitabu vya zamani.

Mhadhiri wao alijulikana kama Mzee wa Kopo. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, kifuniko amekitoboa kwa kisu, na kila jambo la darasa lilipigiwa kura humo: dirisha lifunguliwe au libaki limefungwa, jaribio liwe Jumatatu au lisogezwe. Unaandika ndiyo au hapana, unakunja, unatumbukiza. Sheria yake ilikuwa moja, na hakuilegeza hata siku moja: kura ikishaitishwa, hakuna kuulizana. Hakuna kunong'ona wala kukonyezana.

"Kura ni ya mtu na nafsi yake," alisema. "Mkianza kuulizana, hiyo si kura tena, ni kikao cha harusi."

Akishahesabu, alivichoma vikaratasi palepale juu ya kifuniko, asije mtu akamjua mwenzake kwa mwandiko. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Lakini sheria yenyewe iliwaingia damuni, na mtu akiitaja kura, hata kwa mzaha, wote watano walifumba midomo.

Kisha Mkuu wa chuo akaifunga maktaba ili apate sebule ya wageni wake. Maktaba, jamani, katika chuo! Wale watano wakabeba vitabu vyao, wakaenda kukaa kwenye ngazi za mlangoni, wakasoma. Kufika adhuhuri watu wa uhasibu nao wamekaa, ngazi hazipitiki. Mzee wa Kopo alikuja mwenyewe, jasho linamtoka, akawasihi warudi darasani kabla mambo hayajaharibika. Walimkatalia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli, na watano wote waliijua: alikuja kuwatoa.

Mkuu alihitaji mchawi, na mchawi wa karibu ni mwalimu wa siasa. Siku ya pili aliingia katika kile chumba cha nyuma ya stoo, tabasamu limejaa uso, mhadhiri akimfuata.

"Ninyi si watu wa demokrasia?" alisema. "Basi leo siamui mimi. Swali ni hili: mhadhiri wenu aliwachochea, ndiyo au hapana? Wengi wakisema hapana, anabaki, na mimi nimefunga mdomo. Wengi wakisema ndiyo, anaondoka leo hii."

Akagawa vikaratasi kwa mkono wake, taratibu, kama anayegawa peremende.

"Miandiko yenu naifahamu, watoto wangu. Mitihani yote hupita mezani kwangu." Alipofika kwa Spika akainama kidogo. "Mama hajambo? Chai yake sijapata kuonja mfano wake."

Spika alisema hajambo.

Aliinua macho amtazame Mpinzani, kijana aliyekaa mbele yake, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu hata kuhusu hali ya hewa. Neno moja tu lingetosha. Hata kukohoa. Mpinzani alikuwa ameinamia karatasi yake. Wote walikuwa wameinama, kila mtu na nafsi yake, kama walivyofunzwa. Na aliyewafunza alisimama pembeni ya ubao, mikono nyuma, akitazama sakafu asije akamshawishi mtu.

Basi Spika akapiga hesabu. Mpinzani hawezi kumpa Mkuu ndiyo, hata akikatwa kidole. Dada Mkubwa, yule mwenye mume na watoto, anaogopa uongo kuliko ugonjwa. Wale marafiki wawili wanaoitwa Mapacha, Mzee ndiye aliyewashika mkono walipotaka kuacha masomo. Hapana nne hizo, ziko kapuni. Ya tano ya nini? Mzee atapona bila yeye, na mama hatamwaga unga. Hakuona dhambi iko wapi.

Akaandika Ndiyo, kwa mwandiko wake mzuri kabisa, ili utambulike.

"Kopo ni lako," Mkuu alimwambia mhadhiri. "Hesabu mwenyewe."

Mzee akafungua kifuniko. Akakunjua cha kwanza.

"Ndiyo."

Hiyo yangu, Spika alijisemea.

"Ndiyo."

Spika akashtuka. Kisha hasira zikampanda, hasira za kweli: ni nani huyu, mwoga gani huyu, anayemuuza mzee wa watu?

"Ndiyo," Mzee alisoma, na hapo kazi ikawa imekwisha. Angeweza kuacha. Lakini kwake kura zilisomwa mpaka ya mwisho, hivyo akaendelea na sauti ileile. "Ndiyo." Akakunjua cha tano, akakitazama kwa muda. "Ndiyo."

Mkuu akanyoosha mkono apewe vikaratasi. Mzee alikuwa ameshawasha kiberiti.

"Kura ni siri, Mkuu," alisema, akavishikilia pembeni mpaka moto ukamgusa vidole. Halafu akachukua koti lake, akaaga, akatoka. Kopo alilisahau, au aliliacha.

Nje, kwenye korido, walisimama watano bila kutazamana. Dada Mkubwa alikuwa analia.

"Mimi nilijua wewe utaandika hapana," Mpinzani alimwambia Spika, karibu kwa kumlaumu. "Wewe si ndiye Spika?"

"Na mimi nilikutegemea wewe."

Mmoja wa Mapacha akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyebanwa pumzi.

Jioni Spika alimsubiri mama nyuma ya jiko, akiomba ardhi ipasuke. Mama alitoka akifuta mikono kwenye kanga, macho mekundu, lakini uso wake ulikuwa umekunjuka kwa namna ambayo binti hakuitegemea.

"Mwalimu wako kapita kuniaga," mama alisema. "Maskini, na kikombe chake karudisha. Kaniambia yote."

"Kasema nini, Mama?"

"Kwamba kura moja tu ilimtetea. Na kwamba mwandiko aliujua, ulikuwa wako." Akapangusa pua kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, tangu asubuhi, habari ya kura ilipofika jikoni, nilikaa nikisema ataogopa kwa ajili yangu, atamuuza mzee wa watu kwa ajili ya sufuria zangu. Hata kama wangenifukuza leo, ningetoka kichwa juu."

Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kutaja kura ya mtu, wala kuongeza moja wala kupunguza, alikuwa ameongopa mara moja tu, na hapakuwa na kikaratasi cha kumsuta.

Spika alifungua mdomo. Mama alikuwa ameshamshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu binti akiwa mdogo, wakaanza kwenda. Kesho jiko zima lingejua kwamba ndiyo zilikuwa tano. Spika alilijua hilo kila hatua ya njia, na hakuutoa mkono wake.