Mgonjwa Katika Nyumba ya Kanisa

"Pisheni, spika hii nzito," alisema mpiga kinanda wa kwaya, na bila hata kubisha hodi akaingia kinyumenyume hadi koridoni, mwenzake akiwa ameshika upande wa pili. Kona ya spika ikagonga mlango wa chumba cha kulala, mlango ukafunguka wote. Mke wa mchungaji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni amelipandisha, anabadilisha bandeji ya kidonda cha upasuaji.

"Samahani, mama mchungaji," alisema mpiga kinanda, macho kayapeleka darini. Spika hakuirudisha nje.

Mchungaji aliuvuta mlango ule akaufunga. Hasira ilimpanda hadi kooni, akaimeza. Katika kumeza alikuwa bingwa.

Kanisa halikuwa na stoo, nyumba yake ndiyo ikawa stoo, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Jumapili yake ya kwanza pale, damu ikiwa bado inachemka, alitangaza madhabahuni kwamba nyumba ya mchungaji ni nyumba ya kanisa, na mlango wake hautafungwa. Watu wakapiga makofi, na kesho yake wakaanza kuleta mizigo. Sasa sebule ilikuwa na viti vya plastiki vilivyopandana hadi juu, ngoma, masufuria ya akina mama na turubai linalonuka panya. Ukitaka kuketi ilibidi kwanza uiombe ngoma ikupishe. Na kila aliyeongeza mzigo alimsifu mchungaji kwa upole wake. Miaka yote hiyo walimvika kilemba cha ukoka, naye alikivaa na kujitazama kwenye kioo.

Jumamosi hiyo mkewe alikuwa na siku ya pili tangu atoke hospitali. Daktari alikuwa amesema jambo moja tu: apumzike.

Spika haijatua vizuri, akaingia Mzee Kamati, kiongozi wa wazee wa kanisa. Walimwita hivyo kwa sababu hapakuwa na kamati asiyoiongoza. Watu walitania kwamba hata mazishi yake mwenyewe angeyaitishia kikao.

"Mchungaji, wageni wa semina wanafika jioni," alisema. "Mhubiri na mkewe. Watalala hapa kwako, kama kawaida."

"Mzee, mama yuko kitandani."

"Najua, tunamwombea. Ila si anaweza kujisogeza kwa jirani? Siku mbili tatu tu. Semina yenyewe ni ya uongozi, tusianze kwa aibu."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mkewe alitoka amejishika ukutani, akasimama katikati ya viti vya kanisa. Hakumtazama mzee. Alimtazama mumewe.

"Mwambie," alisema.

Lilikuwa neno dogo tu, hapana, na watoto wa chekechea wanalijua. Mchungaji alifungua kinywa.

"Tutaona, mzee," alisema.

Hivyo ndivyo alivyozoea kukataa. Kila alipotaka kukataa alisema tutaona, na kila aliyeambiwa tutaona alikwenda zake akijua amekubaliwa. Mazoea yana taabu.

Mkewe alicheka kidogo, akajishika tumbo kwa maumivu. "Sawa. Wewe baki uone," alisema, akarudi chumbani, akampigia dada yake simu.

Dada mtu alikuja na teksi. Hakumsalimia shemeji yake. Alibeba begi, akamshika mdogo wake kiunoni, wakatoka hatua kwa hatua, wakipita kwa ubavu katikati ya viti. Mchungaji aliwafuata hadi getini akisema mambo ambayo hakuna aliyeyasikiliza.

Aliporudi, Mzee Kamati alikuwa ameshafika mlangoni pa chumba cha kulala, anapima kitanda kwa macho.

"Afadhali," alisema mzee. "Chumba kimepatikana bila maneno."

Hapo maji yakazidi unga.

"Toka mlangoni hapo," alisema mchungaji.

"Unanipandishia sauti mimi?"

"Nakupandishia. Nimechelewa sana kukupandishia. Mke wangu ana nyuzi tumboni, watu wanampitishia spika chumbani, na wewe umesimama unapima kitanda chake. Nyumba yako ina vyumba vinne, mzee. Ni mgeni gani wa kanisa amewahi kulala kwako?"

"Wazee watakaa juu ya jambo hili."

"Wakae. Viti vipo."

Akakamata rundo la kwanza la viti, akatoka nalo. Alivuka uwanja, akavibwaga kanisani, kwenye njia ya katikati. Akarudi akachukua ngoma, kisha masufuria. Mpiga kinanda alitaka kuuliza, akaiona sura ile, akaishika spika upande wa pili. Mchungaji alilia akibeba, wala halikuwa chozi la huruma. Alikuwa na hasira na mzee, na kwaya, na akina mama wa masufuria. Zaidi ya wote alimkasirikia yule bwana mpole aliyekuwa akitabasamu mlangoni miaka yote ile, huku mwanamke mmoja akilipia tabasamu hilo.

Nyumba ilipobaki tupu, aliifunga kwa ufunguo.

Jumapili asubuhi, waumini walipokuwa wakiruka masufuria kutafuta pa kukaa, yeye alikuwa amesimama uani kwa shemeji yake, suti mwilini.

"Amelala," alisema shemeji. Alimtazama kuanzia viatu hadi tai. "Umekuja kuhubiri?"

"Hapana, shemeji."

"Basi shuka za mgonjwa zile pale kwenye beseni. Zina damu, zisugue vizuri."

Alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa dirisha, akakunja mikono ya shati na kuchutama. Maji yalikuwa baridi. Damu ilikuwa imekauka, ikagoma kutoka, akaongeza sabuni. Simu ikaanza kuita ndani ya koti. Ikanyamaza. Ikaita tena.

Pazia la dirisha lilisogea.

"Simu yako inaita," ilisema sauti ya mkewe, kavu, yenye usingizi.

"Naisikia," alisema, akaendelea kusugua.

Pazia halikurudishwa.