Maji ya Kisima cha Musallam

Bi Ghalia hakuwa akinywa maji mengine. Nyumbani kwake Jalan Bani Bu Ali palikuwa na kisima alichokichimba marehemu mumewe, Musallam, kwa mtaimbo na mikono yake, mwaka ule waliporudi Oman kutoka Kigoma. Miaka mingi maji yake yalikuwa matamu. Kisha mvua zikawa haba, mashamba ya mitende yakavuta maji kwa mashine kutwa kucha, na kisima kikaanza kuingia chumvi, kidogo kidogo, hata wageni wakawa wanaacha chai vikombeni.

Yeye alikunywa tu. Daktari alimwambia presha yake haitashuka kwa maji yale. Binti yake Rawya, mwalimu wa sayansi huko Sur, akamletea katoni za maji ya chupa. Bi Ghalia akawa anawagawia wageni.

"Baba yako alitoka damu viganjani kwa maji haya," alisema. "Mimi niyaache?"

Rawya hakubisha. Jumamosi moja alikuja na fundi, kijana wa Sur aitwaye Yaqoub, na masanduku matatu.

"Shikamoo, bibi. Leo tutasafisha maji hii."

"Marahaba, mwanangu. Maji haya, si maji hii."

"Maji haya," Yaqoub akacheka, akaingia chini ya sinki.

Alifunga machujio matatu meupe, pampu ndogo, tangi lililo kama boga, na bomba moja nene ambalo ndani yake, alieleza, mna utando uliokunjwa kama mkeka. "Vitundu vyake jicho halivioni, bibi. Maji yanapita, chumvi inabaki." Bi Ghalia akaguna. Tangi la kwanza lilipomwagwa ili kuusafisha mtambo, alishika kichwa kwa kuyaona maji yakipotea. Wakangoja hadi baada ya adhuhuri lijae tena.

Yaqoub akachovya kipimo chake, mfano wa kalamu, katika gilasi ya maji ya kisima. Kikaonyesha chumvi elfu moja na mia tisa. Akakichovya katika gilasi iliyotoka kwenye mfereji mpya. Hamsini na nne.

"Mmeunganisha na maji ya serikali," alisema Bi Ghalia.

"Wallahi hatukuunganisha, Mama," alisema Rawya. "Njoo utazame mwenyewe."

Bi Ghalia akatoka nje na mkongojo wake. Akashika bomba pale lilipotoka kisimani, akalifuata kwa kiganja ukutani, nyuma ya banda la mbuzi, chini ya dirisha, mpaka likaingia jikoni. Hakukuta kiungo chengine. Akaichukua gilasi, akasema bismillahi, akanywa.

 Akanywa tena, safari hii pole pole, macho ameyafumba.

"Siku Musallam alipofikia maji alinipandishia ndoo ya kwanza," alisema mwisho. "Yalikuwa na tope. Tukayaacha yatuame, tukanywa, yeye na mimi, tumekaa chini. Ni haya, Rawya. Ni haya haya!"

Kisha akamgeukia fundi. "Na chumvi imekwenda wapi?"

Yaqoub akampeleka nje, penye mpira mwembamba uliokuwa ukidondosha maji kwenye shina la mtende. "Maji ya chumvi yanatokea hapa. Mtende unayastahamili."

Bi Ghalia akakinga kiganja, akaonja, akatema. Yalikuwa makali kuliko ya kisimani. Akabaki amesimama pale, gilasi mkono mmoja, mkono wa pili umelowa chumvi, akiangalia huku na huku. 

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Yalikuwamo humu muda wote. Miaka kumi na tano nimelala na kiu juu ya maji matamu."

Rawya alitaka kumshika mkono, akaona si wakati wake, akamwacha.

Yaqoub alipokuwa anakusanya vifaa, Bi Ghalia alimwuliza kama anaweza kutoa mfereji mwengine nje, upande wa njia. Yaqoub akamwambia itahitajika tangi kubwa na pampu ya nguvu zaidi.

"Basi vilete."

Alivileta wiki ya pili. Presha ilishuka baada ya miezi miwili, si sana, lakini daktari aliridhika. Siku hizi alasiri Bi Ghalia huweka kiti kizingitini, karibu na mfereji wa nje, majirani wakaja kuteka. Jirani yake Umkulthum, aliyekuwa akiikimbia chai ya nyumba ile, ndiye wa kwanza kufika na galoni zake mbili. Kila Umkulthum anapoinua gilasi kunywa, Bi Ghalia humtazama koo, kama anayesikiliza.