Kota Zilizo Nyuma ya Stesheni Kuu

Babu wa mume wangu alibeba mawe yaliyojenga stesheni kuu. Mwanawe alikata tiketi katika dirisha la daraja la tatu. Mume wangu akavuta wenzo wa kubadilishia treni njia. Enzi hizo mtaa mzima uliishi kwa kengele ya stesheni: wachukuzi, vinyozi, wauza chai. Kisha treni zikapungua hadi moja kwa mwezi, nyasi zikaota kati ya reli, na vinyozi wakahama na viti vyao. Sisi tulibaki katika kota, nyumba za wafanyakazi wa reli.

Sasa stesheni na kota vyote vinabomolewa. Tangazo linasema kwamba mwenye kitabu cha kazi cha mwanareli atapewa chumba kipya. Asiye nacho atoke kabla ya mwisho wa mwezi.

Kitabu cha mume wangu nilikirudisha kwa mikono yangu. Ilikuwa desturi yetu wanareli: mtu akifa, mjane hupeleka stoo kila kilicho cha reli, maana mali ya reli haikai nyumbani mwa marehemu. Nilipeleka taa, bendera mbili, filimbi na kofia. Kitabu nacho kilikuwa na muhuri wa reli. Nikakitia ndani ya kofia. Nilisifiwa kwa uaminifu.

Jumatatu nilimwendea mtunza stoo, mzee aliyestaafu akaachwa pale kama mlinzi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umefuata kitabu?”

“Umejuaje?”

“Wewe ni mjane wa saba mwezi huu. Vitabu vyote vilivyorudishwa tulivichoma katika tanuru la karakana. Ilikuwa amri.”

“Basi niandikie barua. Ulikipokea wewe mwenyewe! Nina watoto wanne na bibi yao asiyeinuka kitandani.”

“Niliwaandikia wale sita. Barua zote zimerudi. Waliotoa tangazo wanauliza, huyu mwandishi naye kitabu chake kiko wapi?”

“Kiko wapi?”

“Nilikirudisha siku niliyostaafu. Nikakikabidhi mwenyewe, nikakipokea mwenyewe, nikajitilia saini.” Alicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. “Uaminifu wetu, mwanangu, ndio umetutia kitanzi.”

Nyumbani, mama mkwe aliniuliza kabla sijavua viatu.

“Tumepewa chumba cha ngapi?”

“Hatukupewa, mama. Kitabu kilichomwa.”

“Basi niacheni humu humu. Wabomoe nikiwa nimelala. Watajipunguzia kazi ya kuchimba kaburi.”

Yeye ni mtu wa mizaha, nikamtazama nikisubiri acheke. Hakucheka. Nje, vijana wa kampuni ya ubomoaji walikuwa wakipaka alama nyekundu kwenye milango, wakiitana kwa sauti kubwa. Walifika kwa jirani, wakafika kwetu. Mmoja alibisha hodi kwa adabu, akaniomba nishike mlango usichezecheze wakati anapaka rangi. Nikaushika.