Mashimo ya Hedwiga

Zita alirudi kijijini kwao Mapera mwaka wa sabini na tatu na shahada ya elimu ya udongo. Mama yake, Hedwiga, alijua binti hatakosa kazi. Mcheza kwao hutunzwa, si ndivyo tunavyodanganyana?

Ofisini alijibiwa nafasi hakuna, asubiri. Akasubiri miaka miwili, akilima na mama yake. Nafasi ya Bwana Shamba wa kijiji ilikuwepo sana; alipewa kijana wa mkoa mwingine mwenye kozi ya miezi sita, hodari wa kupiga makofi mikutanoni.

Huyo Bwana Shamba alipoona ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, alicheka. Huku wanaume hulaza nyasi kwa miraba, wanawake huzifukia kwa udongo, katikati hubaki shimo la kuzuia maji, na mlima mzima hushonwa hivyo. Akaamuru shamba la ujamaa lifukiwe mashimo, yapigwe matuta yaliyonyooka toka juu hadi chini, wakubwa wakipita barabarani wayaone.

"Ndugu, mvua itashusha udongo wote," Zita alisema mkutanoni. "Nimelisomea jambo hili."

"Dada, hiyo ni kasumba ya kikoloni!" Bwana Shamba alimkatiza.

Kasumba! Ngolo za bibi zake! Watu wakapiga makofi. Hedwiga alitamani kumzaba kijana huyo kibao.

Mvua ya Machi ilishusha matuta, mahindi na mbolea hadi mtoni. Bwana Shamba aliwaandikia wakubwa kwamba wananchi wa Mapera ni wavivu. Zita alitoa sandukuni barua ya kazi ya Zambia aliyoikalia miezi mitano akingoja kwao wamwite. Alipopanda lori walimwita msaliti, na waliopaza sauti zaidi ni walewale wa makofi.

Mwaka wa tatu tangu Zita aondoke, gari la serikali lilisimama kando ya shamba la Hedwiga. Alishuka mtaalamu wa Ulaya, kitabu mkononi, Bwana Shamba akimbebea mkoba.

"Shikamoo mama," mgeni alisema kwa Kiswahili cha kuungaunga. "Serikali imenileta nijifunze mashimo haya. Kitabu hiki ameandika mtaalamu wa Lusaka, Zita Kapinga. Nasikia kwao ni hapa. Kwa nini hafanyi kazi hapa?"

Bwana Shamba akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Marahaba, baba," Hedwiga alijibu, jembe begani. "Muulize huyo aliyekubebea mkoba. Kiti cha mwanangu amekalia yeye."